Laana ya Firauni, penseli ya Mauch na "wanatuficha": hekaya za akiolojia zijibiwe au ziachwe?

Mleta mada: Kila uvumbuzi mkubwa wa akiolojia huzaa hekaya yake. Kaburi la Tutankhamun eti lina laana, Zimbabwe Kuu, magofu yale ya mawe, eti ilijengwa na watu wa Malkia wa Sheba, na wapo wanaosema wataalamu "wanatuficha" ukweli. Wataalamu wengi hukaa kimya, hoja yao kwamba kumjibu mzushi ni kumpa jukwaa. Naona ukimya huo ndio unaoulisha uzushi. Anayepinga alete ushahidi.

Kigae: Napinga, angalau kwa Tutankhamun. Laana ile haikutoka kaburini, ilitoka kwenye mkataba wa gazeti. Wachimbaji wa mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter walifikia ngazi ya kwanza ya kaburi tarehe 4 Novemba 1922. Januari 1923 mfadhili wake, Lord Carnarvon, akaliuzia The Times la London haki ya pekee ya habari za kaburi. Waandishi wengine waliojazana Luxor wakabaki juani, hawaruhusiwi kuingia, na wahariri wao wanataka habari kila siku. Kisha Carnarvon akaumwa na mbu shavuni, akalikata lile donda akinyoa, sumu ikaingia damuni, nimonia ikafuata, akafa Cairo tarehe 5 Aprili. Hapo ikapatikana habari isiyohitaji ruhusa ya Carter. Ule usemi wa kifo kuja kwa mbawa kwa atakayemsumbua firauni haumo kwenye ukuta wowote wa kaburi lile. Sasa mtaalamu angejibu nini? Jibu lake lenyewe lingekuwa kichwa cha habari cha kesho yake.

Mkaidi: Mkuu, umeeleza gazeti, hujaeleza vifo. Utafiti uliochapishwa 2002 katika jarida la madaktari wa Uingereza uliwafuatilia watu 44 kutoka nchi za Magharibi, ambao Carter aliwataja kuwa Misri wakati ule. Kati yao 25 walikuwapo kaburi, jeneza au mumia vilipofunguliwa. Wastani wa umri wao wa kufa ni miaka 70, wa wasiokuwapo ni 75. Miaka mitano si haba. Na ukungu je? Kaburi la mfalme Kazimierz IV kule Kraków, Poland, lilifunguliwa 1973, watu kadhaa waliohusika wakafariki ndani ya miaka michache, na ukungu wa Aspergillus flavus ukatajwa. Msiite kila kitu ushirikina.

Mwiko: Usiishie kwenye wastani. Katika kundi la watu 25, mmoja akifa na miaka 40 badala ya 80 anaushusha wastani wa wote kwa mwaka mmoja na nusu na ushei. Kwa hiyo watatu tu karibu wanatosha kuzaa miaka yako mitano. Watafiti wenyewe walipozingatia tofauti hizo hawakuona uhusiano wowote wa maana kati ya kuwapo kaburini na kufa mapema. Evelyn, binti ya Carnarvon, aliingia miongoni mwa wa kwanza kabisa, akafa 1980. Carter mwenyewe alifika 1939.

Ukungu ni hoja nzito kuliko laana, nakubali. Unaweza kumuua mtu mwenye kinga dhaifu, na Carnarvon kifua kilikuwa kibovu tangu ajali yake ya gari. Lakini ukungu wa kuvutwa huanzia mapafuni, hauanzii kwenye donda la shavu. Tena mkemia wa Carter, Alfred Lucas, alipaka pamba safi tano mahali ambapo hapakuwa pameguswa na mtu katika chumba cha mazishi: nne hazikuotesha kitu, ya tano ilionyesha vijidudu vichache vya hewa ya kawaida.

Ukuta: Mnamaliza wino kwa mbu na ukungu, hekaya zisizomdhuru mtu. Nendeni Zimbabwe Kuu, ambako wataalamu kweli walishinikizwa. Mwaka 1871 msafiri Mjerumani Karl Mauch alikata kibanzi cha mbao ya kizingiti, akakilinganisha na penseli yake. Rangi ileile, harufu ileile. Basi ni mwerezi wa Lebanoni, wameuleta Wafoinike, wafanyabiashara wa kale wa pwani ya Lebanoni, na mjenzi ni Malkia wa Sheba! (Mbao za penseli za enzi zile kwa kawaida zilitoka Marekani, wala si Lebanoni.) Kizingiti kilikuwa mti wa hukohuko wenye harufu nzuri.

Hekaya hiyo ikawa sera. Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza magofu, kati ya 1902 na 1904 alizoa na kutupa tabaka nzima nzima akiziona kuwa uchafu wa wenyeji, akitafuta "wajenzi halisi" chini yake. Baadaye, chini ya serikali ya walowezi ya Rhodesia, kusema waziwazi kwamba Waafrika walijenga kuta zile kulihatarisha kazi. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale, aliondoka nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya ugomvi huo. Kwa hiyo kufichwa kulikuwapo, ila waliofichwa hawakuwa wageni wa ajabu. Waliofichwa ni mababu wa Washona.

Mwiko: Hapo sina ubishi. Ila tazama jinsi hekaya ile ilivyoangushwa, maana haikuangushwa kwa matusi. Mwanaakiolojia Mwingereza Gertrude Caton-Thompson alikuja 1929 akajua kwamba katikati ya magofu Hall ameshavuruga kila kitu. Akachagua gofu la Maund, ambalo halikuwa limechimbwa. Alitafuta vitu vilivyozibwa chini ya sakafu ya udongo au chini ya msingi wa ukuta, kwa sababu kitu kilicho chini ya sakafu isiyotobolewa hakiwezi kuwa kimeingia baada ya sakafu. Alipata vyungu vya wenyeji na shanga za biashara za zama za kati. Alichimba hata handaki chini ya mnara wa mawe, akatoka bila Mfoinike.

Kosa la kiufundi nalo lilichangia kuidumisha hekaya. Mbao za mfereji ndani ya ukuta wa Zimbabwe Kuu zilipopimwa kaboni ili kujua umri wake katika miaka ya 1950, zilitoa tarehe za karne ya 6 na ya 7, mapema mno. Kiini cha mti huacha kupokea kaboni mpya miaka mingi kabla mti haujakatwa, kwa hiyo ukipima kiini unapata umri wa kiini, si wa ukuta. Pima pete za nje kabisa za mti, chini ya ganda, au mbegu za mwaka mmoja.

Mkaidi: Na hekaya ikithibitika? Kitabu cha Kilwa kinasema masultani walitoka Shirazi. Wasomi wakatucheka miaka mingi. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha DNA ya watu 80 wa kati ya 1250 na 1800, wengi wao wa miji ya pwani, na damu ya Uajemi ikaonekana, imechanganyika tangu karibu mwaka 1000. Mnasemaje?

Kigae: Tunasema kitabu kiliwakumbuka akina baba. Damu ya Uajemi imekuja zaidi upande wa kiumeni, na upande wa kikeni karibu wote ni Waafrika. Halafu uliza mifupa imetoka wapi: mingi ni ya makaburi ya watu wa heshima, karibu na misikiti. Mvuvi hajapimwa. Kule Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate, Kenya, chini ya msikiti wa mawe kuna misikiti ya miti ya karne ya 8, na vyungu vya kienyeji vimeanza tangu tabaka la chini kabisa, kabla hata ya tarehe ya mchanganyiko wako. Mji ulikuwapo tayari walipofika hao wachumba.

Mkaidi: Basi pimeni makaburi ya wavuvi.

Kigae: Hayo hayana mawe juu yake, na mchanga wa pwani wenye joto na unyevu humaliza DNA haraka. Hupatikana zaidi kwenye mfupa mgumu wa sikio la ndani, na lazima upate kipande hicho cha fuvu kwanza.