Naomba ushauri: kasuku niliyemwona Ramsgate ni mtoro?

Ndugu wanachama, naishi Ramsgate, pwani ya Kent nchini Uingereza, ambako kasuku wa kijani wenye mkia mrefu, wazao wa ndege waliotoroka au kuachiliwa kutoka vizimbani, wamekuwa wenyeji kabisa na hustahimili hata baridi ya Januari. Hao nimewazoea, pamoja na kelele zao za jioni.

Jumapili iliyopita, hata hivyo, kundi lao lilipotua kwenye miti iliyo karibu na bahari, nilimwona mmoja mkubwa kuliko wenzake, mwenye mdomo mnene na baka jekundu begani, alama ambayo kasuku wa kawaida wa hapa hana, nami nikashuku kuwa ni kasuku wa Aleksanda. Sikufanikiwa kuona kama ana pete mguuni, ambayo ingeashiria kwamba alifugwa.

Je, nianze kwa kuwaarifu wafugaji wa jirani, kwa kuwa huenda mwenyewe anamtafuta, au nipeleke taarifa zake kwa watunza kumbukumbu za ndege, ingawa orodha rasmi ya Uingereza humweka katika kundi E la watoro, ilhali wale tuliowazoea wamo kundi C, la ndege wa kigeni waliokwisha kuwa wenyeji? Na kwa umbali wa mita 20, darubini ya kawaida yatosha kuiona pete? Natanguliza shukrani.