Lenzi ngumu au ya kukunjwa: ipi jicho hupona upesi?

Mchumakarafuu, Wete:
Assalaam alaykum. Bi mkubwa ana miaka 68, ana sukari, wiki ijayo anatolewa mtoto wa jicho. Tumepewa hiari: lenzi ngumu ya PMMA (aina ya plastiki), au ya akriliki ya kukunjwa, ghali zaidi. Jirani anasema jicho huikataa ile ngumu. Kweli?

Nesi wa Macho:
Waalaykum salaam. Haikataliwi. Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki hiyo hiyo, ya madirisha ya ndege za vita, vimetulia ndani ya macho ya marubani.

Tofauti ipo kwenye tundu. Ngumu haikunjiki, hutaka milimita 6 hivi. Ya kukunjwa hupita kwenye milimita 2 hadi 3, ikajikunjua ndani ya mfuko uliokuwa na lenzi ya asili. Tundu dogo hutulia mapema, na miwani hupimwa mapema. Lakini muulizeni daktari kwanza anatoa vipi huyo mtoto wa jicho. Kama kiini kinatoka kizima, tundu litakuwa kubwa vyovyote vile, na pesa mtakayoongeza hainunui kupona haraka.

Mpima Miwani:
Inanunua kitu chengine. Seli za lenzi ya asili zinazobaki hutambaa nyuma ya lenzi zikaleta ukungu, watu wakasema mtoto wa jicho karudi. Harudi yule, ukungu huo hutobolewa kwa leza ya YAG, dakika chache tu. Akriliki isiyonyonya maji hushikamana na mfuko, na ukingo wake uliokatwa wima huzizuia seli. Ile inayonyonya maji huweza kufanya chokaa. Silikoni msikubali kwa mwenye sukari: retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) ikija kuhitaji mafuta ya silikoni, mafuta hugandia lenzi. Stika ya boksi, yenye nguvu ya lenzi (mfano +21.5), iwekeni.

Mchumakarafuu, Wete:
Na sukari yenyewe? Na sala?

Nesi wa Macho:
Sukari ikiwa juu huchelewesha kuliko lenzi yoyote, ishusheni kabla ya siku yenyewe. Matone ya prednisolone kwa kawaida ni mara 4 kwa siku, yakipunguzwa kidogo kidogo mpaka wiki ya 4 hivi. Akiyaacha ghafla kwa kuwa jicho limekuwa jeupe, uvimbe hurudi. Vuta kope la chini, tone moja, afumbe. Dawa ya pili ingoje dakika 5, la sivyo inaiosha ya kwanza.

Wiki za mwanzo asali kwenye kiti, asijirushie maji usoni. Namna ya udhu muulizeni sheikh. Jikoni kwa kuni asiingie, wala asikae kwenye jamvi la kuchambulia karafuu, vumbi lile halifai.

Baada ya wiki ya 4 akianza kuona mistari iliyonyooka imepinda, huenda retina imevimba, msiilaumu lenzi. Lakini siku za mwanzo maumivu yakizidi na kuona kukififia, msingoje kuche. Hospitali usiku huo huo.