Mjadala: Kozi ya uandishi mwaka wa kwanza, ibaki au ifutwe?

Hoja iliyopo mezani: mwanafunzi akiingia chuoni anapewa kozi ya uandishi iitwayo Stadi za Mawasiliano muhula mmoja, halafu anaachiwa aandike kazi za masomo yote peke yake. Wapo wanaotaka kozi ifutwe, kila mhadhiri afundishe uandishi ndani ya somo lake. Mnasemaje watu wa Arusha na Moshi?

Mkufunzi Njiro: Ifutwe. Darasa la watu 200, insha moja dakika 15, hizo ni saa 50 za kusahihisha. Nani anazo? Ndiyo maana mtihani unageuka wa kuchagua jibu, na mtu anafaulu uandishi bila kuandika hata aya moja.

Mama Rau: Polepole, mwalimu. Ukifuta, aya atafundisha nani? Mhadhiri wa uhasibu ataandika pembeni "hoja haieleweki", basi. Chukua swali hili: "Tathmini mchango wa ushirika kwa wakulima wa kahawa Kilimanjaro." Majibu yanakuja hivi: "Ushirika ni umoja wa watu. Ulianza zamani. Chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933. Ushirika una faida nyingi." Sentensi nne, hakuna inayopima chochote! Sarufi haina kosa. Amesoma "tathmini" kama "eleza". Apigie mstari kitenzi cha swali kwanza, kisha sentensi ya kwanza ya aya ibebe msimamo: "Kuuza kahawa kwa pamoja kulimwongezea mkulima mdogo nguvu ya kupatana bei, ila nguvu hiyo ilisimama pale tu viongozi walipowajibika." Sasa ule mwaka 1933 una kazi ya kufanya.

Msahihishaji Sakina: Mnaizunguka lugha. Mwanafunzi alisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kichwa kinafikiri huku mkono unaandika kule. Apange hoja tatu kwa Kiswahili, kila moja na ushahidi wake, ndipo aandike Kiingereza akitazama hoja. Akitafsiri sentensi kwa sentensi zinatoka ndefu, hazina mwisho. Na madesa, yaani notisi za kugawana: asome, afunge, aandike alichoelewa, afungue ahakiki, na chanzo akiandike papo hapo. Akisema atakitafuta baadaye, hatakipata.

Mkufunzi Njiro: Mama Rau, kwenye kitenzi umenipata. Basi ibaki, lakini insha kubwa moja iondoke. Aya tano, kila moja maneno 150, wiki moja moja, na kila wiki unasahihisha kitu kimoja tu: wiki hii sentensi ya msimamo, ijayo ushahidi, kisha viunganishi. Dakika tatu kwa aya. Ukisahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu, anaangalia alama na kuikunja karatasi.

Mama Rau: Dakika 3 kwa watu 200 bado ni saa 10 kwa wiki, juu ya vipindi.

Msahihishaji Sakina: Zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mwalimu. La sivyo wiki ya tatu mtarudi kwenye A, B, C, D.