Ganzi ya mkono usiku: nitajuaje kama ni neva iliyobanwa?

Mwombaji: Ndugu zangu, kwa wiki tatu sasa naamshwa usiku na ganzi ya mkono wa kulia, pamoja na hisia ya kuchomwachomwa na sindano, na sipati nafuu mpaka niketi kitandani nikung'ute kiganja. Jana nilishindwa kufunga kifungo cha shati kwa sababu kidole gumba kilikosa nguvu. Mmoja ananiambia ni shingo, mwingine anasema nimelalia mkono tu. Naombeni ushauri.

Jibu la kwanza: Pole sana, ndugu. Ganzi ikikuamsha leo, washa taa uguse kidole kimoja kimoja. Ikiwa imeshika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, huku kidole cha mwisho kikiwa salama, huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, inapopita katika njia nyembamba sana. Kikishikwa cha mwisho, mara nyingi tatizo liko kwenye kiwiko, pale ambapo ukijigonga unahisi kama umepigwa shoti. Maumivu ya shingo, kwa kawaida, hushuka begani hadi mkononi na huzidi unapogeuza kichwa. Kwa kuwa kukung'uta kunakusaidia, mimi nashuku kifundo. Jitahidi usilale umekikunja.

Jibu la pili: Yangu ilikuwa kiunoni: moto ulitoka kwenye tako hadi unyayoni, hasa nilipokohoa. Niliendelea kuchuliwa tu, hadi kandambili ikawa inanivuka nikitembea kwa sababu mguu haukuinuka vizuri. Tafadhali, ganzi unaweza kuifuatilia kwa siku chache, lakini kwa huo udhaifu wa gumba muone daktari wiki hii.

Mwombaji: Nashukuruni. Nimegusa usiku wa kuamkia leo, na kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa. Je, nipime na kisukari?

Jibu la tatu: Ndiyo, pima, kwa maana kisukari huongeza uwezekano wa neva kubanwa, ingawa ganzi yake yenyewe aghalabu huanzia nyayo zote mbili. Ila ganzi ikija ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yasitoke sawasawa, hicho huenda ni kiharusi. Na mwenye maumivu ya kiuno akifa ganzi sehemu za siri au mkojo ukigoma kutoka, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mwombaji: Nimeshapanga kumwona daktari kesho asubuhi, na orodha ya vidole nimeiandika.