Naomba ushauri: shemeji anachomea dhahabu jikoni na dada ni mjamzito

Wakuu, habari za jioni. Nipo Geita kwa dada. Mumewe ni mchimbaji mdogo, na jioni anarudi na kile kidonge cha zebaki na dhahabu, anakiweka kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, humohumo wanamopikia. Kinafuka kidogo tu, kinageuka njano, basi. Harufu hakuna, ndiyo maana haamini kwamba ule mvuke unaingia mapafuni hadi kwenye ubongo, na kwa mjamzito unapita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Dada ana miezi sita! Shemeji mwenyewe mikono imeanza kumtetemeka akishika kikombe. Anasema ni uchovu wa kazi. Haya, tuseme ni uchovu.

Kuna mwenye uzoefu? Kipimo cha zebaki kwenye mkojo huku Kanda ya Ziwa tuanzie wapi, hospitali ya rufaa au ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali? Retorti ya kunasa mvuke, mafundi wanaichomelea kwa bei gani? Na masufuria yaliyokaa humo jikoni tuyafanyeje?

Msiniambie aache kazi, ndiyo inayolisha nyumba. Nataka kwanza huo moto utoke jikoni.