Tupeane uzoefu: kitufe gani kiliwafanya wasomaji wenu wakubali kupokea makala mpya?

Ndugu zangu wa Kampala, Mbale, Arua, Busia na kwingineko, nawasalimu. Mimi naandika kwa Kiswahili kuhusu kilimo cha mboga nikiwa Jinja. Makala zinasomwa, watu wanashukuru, kisha wanaondoka na hawarudi hadi mtu mwingine awatumie kiungo. Juu kabisa ya ukurasa nimeweka kitufe chenye neno "Jisajili", na kando yake ile alama ya rangi ya chungwa yenye nukta na mawimbi mawili, alama ya mlisho (RSS), yaani anwani ambayo programu maalumu huifuata ili kumletea msomaji makala mpya. Kwa miezi mitano waliokubali ni watu 11 tu.

Naomba kila aliyewahi kusumbuka na kitufe cha namna hii aeleze alichofanya kwa mkono wake: maneno aliyoyaandika, mahali alipokiweka, ukubwa wake, na kilichotokea baadaye. Ninachokosa ni masimulizi ya watu wanaowaandikia wasomaji kama wangu, wenye simu ndogo na data ya kuhesabu.

Mchangiaji kutoka Kampala:

Nilianza mwaka 2009, wakati alama hiyo ya chungwa bado ilikuwa na maana kwa watu wengi. Kabla yake kila tovuti ilikuwa na kibandiko chake, hiki kimeandikwa XML, kile RSS, mpaka kivinjari cha Firefox kilipotumia mchoro wa Stephen Horlander na Microsoft, mnamo Desemba 2005, ikakubali kutumia mchoro huohuo katika kivinjari chake, Internet Explorer 7. Chini ya alama hiyo nilipanga vitufe 6, kila kimoja kwa ajili ya programu yake ya kusomea milisho, nikiamini kwamba wingi wa milango ni ukarimu kwa mgeni. Sivyo ilivyokuwa. Msomaji aliyeijua programu yake hakuhitaji kitufe, kwa kuwa alinakili anwani mwenyewe, na yule asiyeijua aliona majina 6 ya kigeni akapita.

Google Reader, mojawapo ya programu hizo, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013, na kwa uzembe wangu kitufe chake kilibaki ukurasani zaidi ya mwaka mzima. Aliyekigusa alifika mahali pasipo na kitu, nami sikujua, kwa sababu sikuwa na desturi ya kugusa kitufe changu mwenyewe. Siku hizi kila mwanzo wa mwezi naazima simu isiyo yangu, naingia kama mgeni, najaza anwani, kisha nasubiri mpaka barua ya kwanza ifike.

Jambo jingine ambalo ndugu wa Jinja alitazame leo hii ni hili: iguse alama yako ya chungwa kwa simu uone msomaji anaona nini. Zamani vivinjari vingi viliuonyesha mlisho kama ukurasa unaosomeka, lakini Firefox iliacha kazi hiyo katika toleo la 64, Desemba 2018, na katika simu nyingi mgusaji anakutana na mistari ya msimbo, au faili linaanza kushuka. Msomaji wangu mmoja wa Masaka alinipigia simu kwa wasiwasi akisema tovuti imevamiwa. Nikatengeneza ukurasa mfupi katikati: sentensi mbili zinazoeleza mlisho ni nini, anwani yake ya kunakili, na njia ya barua pepe kwa asiyetumia programu hizo. Alama sasa inampeleka mtu huko. Programu zenyewe hazipotezi kitu, kwa kuwa anwani ya mlisho imetajwa pia katika kichwa cha ukurasa, sehemu ambayo mashine huisoma na macho hayaioni.

Mchangiaji kutoka Busia:

Mimi nadhani ugonjwa uko katika neno "Jisajili". Huku mpakani neno kusajili tunalisikia zaidi katika habari za laini za simu, na laini haisajiliwi bila kitambulisho cha taifa. Nililitumia kwa mwaka mzima. Siku moja fundi wa pikipiki, kijana anayesoma kila ninachoandika kuhusu bei za vipuri, aliniambia kwa upole, "Kaka, ningependa sana, lakini kitambulisho changu nimekiacha nyumbani Tororo." Niliduwaa. Kumbe kwa muda wote huo nilikuwa nimemwekea karani mlangoni.

Nikabadilisha nikaweka "Jiandikishe", na mzee mmoja akaniuliza kama linahusu uchaguzi. Nikaweka "Jiunge", ndipo mama mmoja muuza samaki akataka kujua ada ya kujiunga ni kiasi gani, na swali lake lilikuwa la haki, kwa maana katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hakuna anayejiunga bila ada. Hapo nilitambua kwamba maneno yote matatu yalimtaka msomaji afanye kazi, au atoe kitu, au aingie mahali. Hakuna hata moja lililomwambia atakachopata.

Leo kitufe changu kimeandikwa "Nitumie makala mpya". Hayo ni maneno ya msomaji mwenyewe, anayasema kwa kidole. Chini yake kuna mstari mdogo: "Ni bure. Tunahitaji anwani ya barua pepe tu." Sikubadilisha rangi wala mahali, na katika wiki tatu za kwanza walikubali watu wengi kuliko miezi sita iliyotangulia. Kitufe cha mwisho cha fomu nacho kisisahauliwe: changu kilikuwa kimeandikwa "Wasilisha", neno la ofisini kabisa.

Mchangiaji kutoka Mbale:

Nakubaliana na wa Busia kuhusu neno, ila neno zuri lisiloonekana halimsaidii mtu. Kitufe changu kilikuwa cha chungwa kilichokolea chenye maandishi meupe, na nilikitengeneza usiku, ndani, kwenye kompyuta. Mchana mmoja nilimpa shangazi yangu simu akiwa kibandani kwake sokoni, jua la saa saba likipiga kwenye kioo, nikamwomba akitafute. Aliinamisha simu, akaikinga kwa kiganja, akasema anaona kiraka cha rangi ila hasomi kitu.

Nilipopima nilikuta tofauti ya mwangaza kati ya nyeupe na chungwa lile, ambalo msimbo wake ni FF6600, ni kama 2.9 kwa 1, ilhali mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Niliacha chungwa lilelile nikageuza maandishi kuwa meusi, na tofauti ikapanda hadi takriban 7 kwa 1. Shangazi alikisoma bila kukinga kioo.

Kisha kuna ukubwa. Alama yangu ya kwanza ilikuwa ya pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa tangu enzi za kipanya. Kidole hakina ncha ya kipanya. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataja pikseli 24 kila upande kama kiwango cha chini, Apple inapendekeza 44 na Google 48. Mimi nimechukua 48, na nimeacha nafasi pande zote ili mtu asiguse tangazo kwa bahati mbaya. Kitufe chenyewe si picha tena, ni maandishi juu ya rangi, kwa hiyo hakuna picha ya kupakua na kinatokea pamoja na makala hata mtandao ukiwa dhaifu.

Mchangiaji kutoka Fort Portal:

Kwa ufupi, ondoeni madirisha yanayoruka mbele ya makala. Langu lilikuwa linatokea baada ya sekunde tano, kabla mtu hajamaliza aya ya kwanza, na alama ya kulifunga ilikuwa nje ya kioo cha simu ndogo. Nimekihamishia kitufe mwisho wa makala, mahali ambapo msomaji ameshajua kama maandishi yangu yanamfaa. Juu ya ukurasa nimebakiza kiungo cha maneno tu.

Mchangiaji kutoka Arua:

Wasomaji wangu wengi hufungua barua pepe mara moja kwa mwezi, wengine hawakumbuki nywila. Kwa hiyo nilitengeneza kitufe cha WhatsApp, na hapo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Kitufe kiliwaingiza watu moja kwa moja katika kundi, na katika kundi namba ya kila mmoja inaonekana na wenzake. Dada mmoja mwalimu alianza kupigiwa simu usiku na mtu asiyemjua. Aliondoka, na hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonitia uchungu zaidi. Nililifunga kundi, nikamwomba radhi, na baadaye nikahamia kwenye chaneli, ambako wafuasi hawaoni namba za wenzao. Tukumbuke pia kwamba Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, nayo inataka mtu aridhie taarifa zake zitumike kwa kazi anayoijua. Karibu na kitufe nimeandika wazi: "Namba yako haitaonekana kwa wengine. Unaweza kuacha wakati wowote."

Mchangiaji kutoka Gulu:

Chaneli ni nzuri, lakini usimwage mbegu zote shamba moja. Hadi mwanzoni mwa 2021 kitufe changu kikubwa kilikuwa cha Facebook, na kile cha mlisho nilikificha chini kabisa. Januari ile Facebook ilizuiwa nchini, na siku za uchaguzi intaneti yote ikazimika. Iliporudi, waliokuwa na mlisho walifungua programu zao na makala walizozikosa zikawajia kwa mpangilio, kwa sababu mlisho hubeba makala za karibuni, kwa kawaida 10 katika WordPress, programu ya kuendeshea blogu, na programu huzichukua pindi mtandao unapopatikana. Wale wa Facebook sikuwa na njia ya kuwafikia. Tangu hapo vitufe vyangu ni vitatu: barua pepe kikubwa, chaneli kinachofuata, na mlisho kwa maandishi, "Mlisho wa RSS", bila kutegemea alama peke yake.

Mwanzisha mada, Jinja:

Nawashukuru kwa moyo wote. Jana usiku niliiondoa alama ya chungwa iliyompeleka mtu kwenye msimbo, nikaweka kitufe cha maandishi meusi mwisho wa kila makala: "Nitumie makala mpya". Asubuhi nilimwonyesha jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye bustani ya sukuma na nakati. Alikisoma, akasogeza kidole, kisha akakisimamisha hewani akaniuliza, "Zitanijia mara ngapi? Data yangu ni ya wiki." Nilimjibu kuwa ni kila Jumamosi, makala moja, bila picha kubwa. Aliniambia niyaandike hayo palepale chini ya kitufe. Nimeyaandika mbele yake, akaufungua ukurasa upya na kujaza anwani yake.