Kama vipaumbele vyetu vinafutwa wilayani, mkutano wa kijiji mnatuitia nini?

Wakuu, nimechoka.

Kila msimu wa bajeti mtendaji anapita na kipaza sauti: njooni mkutano mkuu muibue miradi. Tunaacha mashamba, tunabishana mpaka jioni, maana maji, zahanati na madarasa vyote ni shida. Tunapanga cha kwanza mpaka cha mwisho, muhtasari unasainiwa, unapelekwa kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri. Huko ndiko unakofia.

Kwetu namba moja, miaka nenda rudi, ni kupaua boma la zahanati. Boma tumelijenga wenyewe. Tumechanga, akina mama wamesomba maji na mchanga kichwani, fundi akafika lenta. Ahadi ilikuwa tukifika hapo serikali inamalizia. Leo mvua zinakula tofali na mjamzito bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku wa manane. Bajeti iliyopita imetuletea ukarabati wa ofisi ambao haumo popote kwenye muhtasari wetu. Nani aliuomba?

Ukiuliza, jibu ni moja: ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Sawa, Hazina inatoa ukomo. Lakini unafika sisi tumeshamaliza kupanga, na wanaokaa kukata ni wataalamu peke yao. Fedha nyingine zinashuka zikiwa zimeshapangiwa kazi huko juu. Na ile asilimia 20 iliyotakiwa irudi vijijini kutoka kwenye ruzuku ya fidia, yaani fedha ambazo serikali kuu ilizipa halmashauri kufidia mapato baada ya kodi ya maendeleo kufutwa mwaka 2003, iko wapi? Ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) zimetaja mara kwa mara halmashauri zisizoipeleka. Sisi hatujaiona hata shilingi, ila kwenye kizuizi cha barabarani ushuru wa mazao hausamehewi.

Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kijijini kwetu yamefika madaraka ya kuchanga tu!

Ninachodai: kabla baraza la madiwani halijapitisha bajeti, afisa mipango aje kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, asome mbele yetu kipi kimekatwa, nani kakikata na fedha imehamishiwa wapi. Mpaka boma lile lipauliwe, mimi mchango mwingine sitoi.

Mlioko wilaya nyingine, kuna aliyewahi kurudishiwa majibu ya namna hiyo? Mliyapataje?